Leso za Mgeni wa Chumba cha Juu

Kaka Paskali,

Hali sikuulizi, na yangu unaijua. Cherehani inazunguka, uzi ni wa kutafuta kwa tochi, mahindi ya shamba lenu la Ganako yamevunwa na mkeo Agnesta amepata ya kumfikisha masika. Kaburi tumelipangia mawe ili fisi wasilisogelee. Hayo ndiyo ya nyumbani. Nimekaa kukuandikia kwa jambo jingine, na leo usinikatishe kama kawaida yako, maana nimekasirika.

Unakumbuka tulivyokuwa. Wewe dobi wa hoteli kule juu ukingoni mwa kreta, mimi fundi cherehani hapa sokoni Karatu. Alhamisi ni siku yako ya mapumziko. Unashuka na lile lori la mboga, unakaa kwenye kigoda kando ya meza yangu, unatoa kitabu kilichosahauliwa na mtalii, umekifunika gazeti. "Haya jamani, tulimwacha wapi?" Macho yako kwenye Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Wanawake waliokuja kupima gauni wanasahau gauni. Mama Eliakimu, yule Mchaga wa dagaa, alihamishia ndoo yake mlangoni kwangu ili asikose hata neno. Miaka sita hiyo, vitabu saba.

Vya Kiswahili nilikuwa najisomea mwenyewe, vile vya upelelezi vinavyoletwa kutoka Arusha, na tuligombana juu ya vitabu hivyo mpaka wateja wakatuamua. Nilisema na ninarudia: mpelelezi anayepigwa risasi mbili ukurasa wa kumi, na ukurasa wa kumi na moja anaendesha gari, huyo ananiudhi. Na kwa nini wa kwanza kufa lazima awe msichana mzuri? Wenye sura mbaya hawana maadui? Hapo ulikuwa ukicheka mpaka unashika mbavu. Halafu kuna muuaji anayetokea sura ya mwisho, hatujapata kumwona, ati ni binamu aliyerudi kutoka Ulaya. Huo ni wizi mtupu. Muuaji nataka nimkaribishe chai kwanza, nimzoee, ndipo nishtuke.

Ya mizimu hayakunitisha kamwe. Vitabu vya maiti kufumbua macho nilivisoma huku nakula. Mtu aliyewahi kutoka msalani asubuhi ya ukungu akakuta nyati kasimama kwenye maharage, utamwambia nini kuhusu mzimu? Wewe ulisema kitabu kinachotisha kweli ni kile ambacho vitu vyote viko mahali pake isipokuwa kimoja, tena kidogo. Nilidhani neno hilo umelisoma mahali.

Na visa vya kweli, vile vya mahakamani vinavyotoka gazetini, wote wawili tulivisema vibaya na wote wawili tulivisoma mpaka nukta ya mwisho. Mimi vinaniacha na njaa. Mtu kaua, kakamatwa, kafungwa, basi. Kwa nini, hakuna aliyeuliza. Ukanijibu kwamba hata waliokuwa wakila naye sahani moja hawajui. Nikakwambia acha kuhubiri, nishikie pindo hili.

Kisha kikaja kitabu cha saba. Tajiri mwenye hoteli kakutwa amekufa bafuni, mlango umefungwa kwa ndani. Hotelini yumo mkewe, yumo shemeji yake mwenye mdomo, yumo mpishi, na yumo mgeni wa chumba cha juu asiyeshuka kula na wenzake. Ulituweka miezi mitano! Kila nilipouliza kama muuaji ni mwanamume au mwanamke, jibu lako lilikuwa moja: "Kitabu hakijasema." Aliingia. Alifunga. Alishuka ngazi. Sisi tumeshika vichwa. Wiki moja ukaongeza kwamba yule mgeni anafua leso zake mwenyewe kwenye beseni, kabla watu hawajaamka, ili dobi asizione, maana zina damu. Lo! Mama Eliakimu akaruka, ndoo nusura imwagike: "Ndiye huyo! Anyongwe!" Na mimi nikamuunga mkono, nikasema asiye na kosa angeficha damu ya nini? Ulifunga kitabu ukasema tutaendelea wiki ijayo.

Wiki hiyo hukuja. Ulikuja baada ya majuma mawili, umeletwa na lori umelazwa juu ya magunia, unakohoa, tukakukimbiza hospitali, na siku ya tisa tukakuzika. Pale kitandani kuna swali nilikuuliza. Mungu anisamehe, katika maswali yote hilo ndilo nililouliza: "Kaka, ni mgeni?" Ukatikisa kichwa. Sijui ulikuwa unakataa au umechoka.

Matanga hayajaisha vizuri, wateja wakaanza. Kila Alhamisi: Fina, tumalizie. Kitabu ninacho, Agnesta alinipa pamoja na shati lako la kijivu, lakini Kiingereza sina. Nikasubiri binti yenu Magdalena afunge shule. Kafika, sasa yuko kidato cha tatu, amerefuka kukupita. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia soma kurasa za mwisho, niambie ni nani. Akasoma. Akarudi nyuma. Akafungua katikati. Kisha akaniuliza, "Shangazi, baba alisema hiki ni cha mauaji?" Nikasema ndiyo. Akasema ni kitabu cha mzee mmoja anayeeleza alivyovua samaki katika mto wa kwao, tangu utoto mpaka uzee. Hoteli hamna. Bafu hamna. Waliokufa humo ni samaki tu.

Nikamwambia hujui Kiingereza vizuri. Alinuna, na ana haki. Akanieleza kwamba Kiingereza hakina hii "a" yetu ya kujifichia. Huku kwetu "alifungua mlango" inatosha. Kule mtu akifungua mlango, wanakwambia palepale kama ni mwanamume au mwanamke, na kulikwepa hilo miezi mitano ni kazi kwelikweli. "Hilo peke yake, shangazi, lingekufumbua macho," akasema. Mimi, niliyekuwa nawatukana wapelelezi wa vitabuni kwa upofu wao!

Tukaenda kwa Agnesta tukavishusha na vile vingine, vikatimia saba. Kimoja cha dini, kimoja cha kujifunza kucheza karata, vingine sikuvielewa hata baada ya kuelezwa. Cha mauaji kilikuwa kimoja tu, na hata hicho muuaji si yule uliyetupa wewe. Wako alikuwa bora. Nilikutukana siku nzima, Paskali. Miaka sita unatazama samaki unatutolea damu, huna hata aibu! Halafu nikacheka mpaka sindano ikanidunga kidole, maana Kiingereza chako nilikifahamu siku zote: "yesi madamu" na majina ya nguo. Nilikijua, na sikukiweka pamoja na kile kitabu.

Nilipomaliza kucheka ndipo nikaanza kazi. Kama hukuyasoma, uliyatoa wapi? Nikazirudia Alhamisi zako moja moja huku nashona. Mpishi mkali ni mpishi wenu wa huko juu, umemlalamikia tangu aajiriwe. Mke wa tajiri anayefungia sukari kabatini na ufunguo kaufunga kwenye kanga, huyo ni Agnesta, usibishe. Shemeji mwenye mdomo ni shemeji yako wa Mbulu mpaka na kofia yake. Hukubuni mtu hata mmoja, uliwavalisha suti tu.

Nikabaki na mgeni wa chumba cha juu.

Nilisimamisha mashine. Nikakumbuka uliniomba masalio ya vitambaa nikupindie leso. Nikakuchagulia nyeupe, nzuri, ukanirudishia. "Nipe za kahawia, Fina. Nyeupe zina kazi kufua." Dobi ananiambia nyeupe zina kazi kufua! Na mimi nikapinda za kahawia, nikakupa, nikakuuliza habari za muuaji. Sasa Agnesta ananiambia daktari alisema kifua kile hakikuwa cha wiki mbili, kilikuwa cha miezi mingi, na dawa zake zipo, mtu anapona akiwahi. Najua kwa nini ulinyamaza. Nani angemwachia mashuka ya wageni mtu anayetema damu? Ungeteremshwa na lori siku hiyohiyo. Lakini sisi hukutunyamazia. Ulikaa mbele yetu mchana kweupe ukatuambia, na sisi tukasema anyongwe. Nisamehe, kaka. Hilo linaniuma kuliko udongo niliokutupia.

Alhamisi iliyopita nimewamalizia. Nilifungua kitabu chako cha samaki, nikakikazia macho kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Muuaji nimemfanya shemeji, katokea dirishani, na sijali kama dirisha la bafu ni dogo. Mgeni nikamweka mwisho kabisa. Nimempa dada. Dada anapanda ngazi bila kuitwa, anaona beseni, anazishika leso kwa mikono yake, anamuuliza damu hii ni ya nani. Hampi nafasi ya kujibu uongo. Anamvika koti, anampeleka hospitali asubuhi hiyohiyo, na mgeni anapona, anashuka kula na wenzake. Mama Eliakimu akapangusa macho kwa upande wa kanga, kisha akataka kujua huyo dada alikuwa wapi miezi yote hiyo.

Nikamwambia alikuwa anashona.

Kuhusu Kiingereza chako, tunajua mimi na Magdalena, na nakuahidi siri hiyo haitatoka kwetu. Soko zima litaendelea kuamini Paskali alisoma vitabu saba vya wazungu. Na ahadi nyingine hii hapa, uiweke na hiyo: mtu akikohoa mbele ya mashine yangu, awe mteja, awe mpita njia, nainua mguu kwenye pedali na namuuliza.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Fina