Mvule Uliouacha Kando ya Kijito

Ouma osiepna, rafiki yangu,

Tangu tukuzike sina mwenzangu wa msumeno. Ule mkubwa wa kuvutana, wewe juu ya gogo, mimi chini shimoni nikila unga wa mbao, umening'inia ukutani kwangu hapa Dunga, kando ya ziwa. Unashika kutu. Tajiri wetu ameleta misumeno ya injini. Mti uliotutoa jasho siku nzima, sasa unalala kabla chai haijapoa.

Nikwambie tu. Ule mvule wa kando ya kijito, kule mlimani, wameukata.

Unakumbuka ulivyomkatalia tajiri? Ulimwambia, "Huu ni mama, Bwana. Tukate hiyo mingine, huu ubaki uzae." Akacheka, akakuachia, maana hakuna aliyekushinda kupasua mbao iliyonyooka. Ulipoondoka, hakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Alinituma mimi nikawaonyeshe vijana njia. Nilipofika nikamwona hondohondo dume, yule ndege mwenye mdomo kama pembe, akimlisha jike kupitia ufa mdogo. Jike alikuwa amejifungia kwa matope ndani ya shina, yeye na makinda. Nikarudi mbio kwa tajiri. "Bwana, ngoja hata hawa watoke. Ni wiki chache tu." Akasema treni ya kubeba mbao haingoji ndege.

Nikaenda nikasimama mbele ya mti. Vijana wakanivuta kando. Wengine wao tuliwafundisha kazi, Ouma, mimi na wewe. Hawakunitazama usoni.

Ukaanguka. Halafu dume akaja na tunda mdomoni. Akazunguka pale palipokuwa na mti, akaenda, akarudi. Akarudi tena. Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Kazi nimefukuzwa. Mlima mzima wamepanda misonobari, mistari mistari kama askari, na chini yake husikii hata ndege mmoja. Kijito ni matope. Waunda mashua wa hapa wananiuliza, "Mzee, mvule uko wapi?" Wanaunda kwa mbao laini, na mashua zinavuja zikiwa bado mpya. Sisi tulikula kwa msitu ule miaka yote, na bado ulikuwa msitu.

Mama Atieno, mjane wako, amenipa kipande cha shamba nyuma ya boma lenu. Nimesikia kuna miche ya mvule imechipuka karibu na kisiki cha ule mkubwa. Kesho napanda mlimani na jembe, niichimbe na udongo wake kabla hawajaifyeka.

Usinidai matumaini, ndugu yangu. Nimezeeka, na mti ule unataka miaka ambayo mimi sina. Labda itakauka yote. Lakini nitaimwagilia maji mpaka siku nitakayokufuata, na binti yako Atieno amekubali kushika ndoo nitakapoiweka chini.

Lala, Ouma. Lala salama.

Ni mimi, Okello wako wa shimoni.