Kikao cha Kutafuta Maneno ya Kumwanzia Bi Sindano

UMOJA WA MARAFIKI WA CHUMBA CHA KUSHONEA
Kikao cha saba, Jumamosi alasiri, sebuleni kwa Mama Vifungo

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (aliyekuwa mkata vitambaa), Mpiga Pasi, Mama Vifungo (mwenye nyumba), Katibu (aliyekuwa karani wa ghala, na mwandishi wa kumbukumbu hizi).

ASIYEKUWEPO: Bi Sindano, aliyehamia mbali kwa binti yake baada ya sote kuachishwa kazi. Kiti chake kiliwekwa kama kawaida.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuwahi. Mpiga Pasi, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni, aliuliza kama hilo ni fumbo. Mwenyekiti alijibu kwamba fumbo hufumbiwa mjinga. Kikao kikaendelea.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu aliarifu kwamba barua pepe ya pili kwa Bi Sindano ilitumwa kama ilivyoagizwa, na haikujibiwa, kama ile ya kwanza.

Mama Vifungo alieleza kwamba alimpigia simu binti wa Bi Sindano. Binti alisema mama yake halalamiki, anakula vizuri, ila anashinda dirishani na hana wa kutaniana naye. Barua yetu ya kwanza aliifungua, akasoma mstari mmoja, akasema, "Hawa sasa wananiachisha kazi mara ya pili." Ya pili hakuigusa.

Wajumbe walitaka kujua mstari huo ulisemaje. Katibu aliusoma: "Yah: Kukujulia hali. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu."

Mama Vifungo aliuliza ni nani duniani anayemjulia rafiki yake hali kwa kichwa cha habari. Katibu alikumbusha kwamba katika Umoja huu hakuna neno linalotoka bila kupigiwa kura, kwamba maneno hayo yalipigiwa kura, na kwamba mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Mama Vifungo. Mama Vifungo alikiri kunyoosha mkono, ila alidhani kura ile ilikuwa ya kuongeza chai.

KUMB. NA. 3/7: MWANZO MPYA
Mwenyekiti alipendekeza: "Ni matumaini yetu kwamba u mzima wa afya, kama sisi tulivyo wazima." Mpiga Pasi alipinga. Alisema hata mtu anayetaka kukopa huanza hivyo, na isitoshe sisi si wazima, magoti ya Mwenyekiti yanajulikana mtaa mzima. Mwenyekiti aliomba magoti yake yasijadiliwe nje ya ajenda.

Mama Vifungo alipendekeza tuanze na habari moto moto: paka wake amezaa ndani ya kapu la vitambaa, na mtoto mmoja ni bosi wetu wa zamani mtupu, hadi masharubu. Wajumbe walicheka sana, Katibu akiwemo. Hata hivyo Mwenyekiti alishikilia kwamba kumrukia mtu kwa habari bila salamu ni utovu wa adabu.

Katibu, ambaye bado alikuwa amenuna kwa sababu ya Kumb. Na. 2/7, aliuliza Bi Sindano mwenyewe alikuwa akiingiaje kazini asubuhi. Ilikumbukwa kwamba hakuwahi hata siku moja kuanza na salamu. Alianza kusema tangu mlangoni, kana kwamba maongezi ya jana hayakukatika, na "hamjambo" ilikuja baadaye, akitunga uzi. Ilikubaliwa kwamba naye aandikiwe hivyo hivyo, salamu zifuate nyuma.

Wajumbe wanafahamu kwamba Mpiga Pasi na Bi Sindano, waliofanya kazi bega kwa bega miaka yote, hawakuagana vizuri. Siku ya mwisho walizozana kuhusu mkasi, kila mmoja akidai ni wake, na Bi Sindano akaondoka nao. Tangu hapo hawajasemezana, na kila kikao Mpiga Pasi hudai kwamba hajali.

Mpiga Pasi aliomba simu ya Katibu. Mwenyekiti aliuliza kama maneno yatapigiwa kura. Mpiga Pasi alianza kuandika. Alipomaliza kuandika aliyasoma:

"Wewe mwanamke, mkasi wangu unakatia nini huko? Mimi huku nakata uzi kwa meno, na meno yenyewe unayajua."

Katibu alitaka kutoa hoja ya utaratibu. Barua ilikuwa imeshatumwa.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO
Mama Vifungo alikuwa akigawa watoto wa paka, na Mwenyekiti akikataa yule wa masharubu, simu ilipolia. Mpiga Pasi alimwomba Katibu asome yeye, tena polepole. Bi Sindano aliandika:

"Ni wako, nilijua tangu siku ile. Niliuchukua ili uje kuudai. Mbona umechelewa hivyo?"

Mpiga Pasi alilia. Mwenyekiti alishauri jambo hilo lisiandikwe. Mpiga Pasi alisema liandikwe, na kumbukumbu hizi zitumwe kwa mwenzake leo hii, ili ajue. Limeandikwa.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Katibu alibaki akingoja simu yake, kwa kuwa Mpiga Pasi alikuwa bado anaandika.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu