Mama Viungo na Watoto wa Kaptula za Njano

Mama, mwaka umezunguka hadi siku ile uliyotuacha, na humu ndani bado tunashtuka mlango ukijibamiza. Watu wanasema muda huponya. Labda wa kwetu una mwendo wa kobe.

Wasiokujua waambiwe kwamba ulikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu, na somo lako liliitwa Historia na Misingi ya Elimu ya Viungo. Ndiyo maana ukaitwa Mama Viungo. Mwenye duka la kona alikaa muda mrefu akiamini unauza mdalasini na pilipili manga, mpaka siku alipokuuliza bei. Ukamjibu, "Viungo vyangu mimi ni magoti na viwiko, na haviuzwi." Tangu hapo akikuona tu, anashika goti na kucheka.

Baba ulimpata kazini. Yeye ni seremala, akaitwa chuoni atengeneze boriti ya wanafunzi kutembea juu yake. Ukaikataa, pembe zilikuwa kali. Akaileta tena, ukaikataa tena. Safari iliyofuata alikuwa ameipiga randa na msasa mpaka inateleza kama sabuni, ukamwambia, "Sasa umetengeneza mtego." Baba husema aliona heri amwoe mkaguzi, labda ukaguzi utakwisha. Haukwisha.

Wanafunzi wapya walikuja na raba mpya na filimbi shingoni, wakidhani watapewa mpira. Wewe uliwakalisha darasani. "Mwalimu, tumekuja kucheza, mbona tunaandika?" Ukawaambia kwamba anayemwamuru mtoto anyooshe mkono sharti ajue mkono huo ulianza kunyooshwa kwa faida ya nani. Ukawapitisha kwa Wagiriki wa kale, walioufunza mwili kwa ajili ya miungu yao na vita vyao. Ukawapitisha kwa matabibu walioona kwamba kukaa tu nako ni maradhi, na kwa mataifa yaliyopigwa vitani, yakarudi nyumbani kuwaning'iniza vijana kwenye nondo ili safari nyingine yashinde. Ukawaonyesha jinsi kwata ya askari ilivyoingia shuleni, watoto wakapangwa kwa urefu kama matofali. Na kabla ya hapo, ulisema, watoto walikuwa na mieleka yao, mbio zao na kuogelea kwao, wala hakuna aliyekuja kuwafundisha kuwa na mwili.

Kisha ulikuwa ukimsimamisha mwanafunzi mmoja kwa mguu mmoja na kuuliza nini kinamshikilia. Huyu anasema misuli. Yule anasema moyo, kwa kuwa haogopi. Ulisubiri mpaka mtu wa nyuma aseme, "Anatuonea aibu sisi." Basi misingi yako ilikuwa hiyo: mwili, moyo na watu. Mwalimu anayesahau mmoja, ulisema, atamvunja mtoto wa watu.

Kwata hukuipenda. Ulinitazama nikiwa kwenye cherehani, mimi kifungua mimba wako, ukasema kwata ni gwanda la askari lililopunguzwa likavikwa mtoto. "Hata ulipunguze vipi, mabega yatabaki ya askari."

Sasa tuseme ile siku ya uwanjani, maana tumeizungukazunguka mwaka mzima.

Ilikuwa sikukuu ya michezo ya shule za msingi. Watoto walijaa uwanjani kwenye mistari yao, kaptula za njano, nyingi nilizishona mimi. Mwanangu Kiroboto, uliyempa jina hilo kwa kuruka kwake, alikuwa humo. Mimi na Baba tulikuwa jukwaani. Wewe ulialikwa tu kutazama, ukakaa chini karibu na walimu.

Jenereta ya vipaza sauti ilikuwa chini ya jukwaa. Ililia vibaya, ikanyamaza, halafu ikalipuka. Mshindo ule niliusikia kwenye meno. Moshi ukapanda katikati ya mbao, na mtu nyuma yetu akasema, "Jukwaa linaanguka." Halikuwa linaanguka. Lakini hilo tulilijua baadaye.

Uwanja ulikuwa na lango moja tu, la bati, linalofunguka kwa ndani. Watu wakalikimbilia. Kadiri walivyosukuma ndivyo walivyolifunga, na waliokuwa nyuma hawakujua, wakazidi kusukuma. Nilisikia lango likilalamika. Kisha nikasikia watu.

Nilimtafuta Kiroboto. Mama, kila mtoto alikuwa wa njano. Nilizishona mwenyewe zile kaptula, na sikuweza kumtofautisha mwanangu. Mistari ilianza kukatika, wale wa mbele wakaanza kukimbia kuelekea lango, kule walikoona wakubwa wanakwenda. Baba alinishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniingia, na nilipomtazama midomo yake ilikuwa myeupe.

Ndipo tukasikia filimbi. Ulikuwa umemvua mwalimu kijana filimbi yake, umesimama kati ya watoto na lango, mtandio umeanguka.

"Mguu sawa."

Hukupaza sauti kama mtu anayeogopa. Ulisema kama asubuhi yoyote ya shule. Walio karibu wakasimama. Waliokuwa nyuma yao wakasimama kwa kuwaona wenzao.

"Nyuma geuka."

Na wale watoto wote wakalipa lango kisogo.

"Mbele tembea."

Ukawapeleka upande wa mbali wa uwanja, ukutani, ukitembea ubavuni mwao. Ndipo nilipomwona mwanangu, kwa sababu yeye peke yake alitoka mstarini. Alikuwa akilia, amekunyooshea mikono yote miwili. Alisema, "Bibi." Ulimpita. Ulimwangalia usoni, ukampita, ukasema tena, "Mbele tembea," na mtoto akarudi mstarini akitembea huku analia. Nilikuona ukifanya hivyo, na mpaka leo likinijia nikiwa nashona, naondoa mguu kwenye cherehani.

Pale langoni watu walivunjika miguu na mbavu. Muuza magazeti wa kituo cha basi hakuamka tena. Katika watoto wa njano hakuumia hata mmoja.

Nyumbani ulishindwa kushika kikombe. Chai ilikumwagikia mapajani, Baba akakifunika kikombe kwa viganja vyake pamoja na vyako. Kiroboto alilala kifuani kwako. Nikakuuliza, Mama, ulimpitaje?

"Ningemshika yeye, wote wangenijia. Wangenikanyaga, wangekanyagana." Kisha ukasema, "Lakini hilo silo linaloniogopesha."

"Ni lipi?"

"Wametii. Umewaona? Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Leo filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Kesho itakuwa mdomoni mwa nani?"

Sisi tulikuwa tumekwisha kuogopa, Mama, tulidhani yamepita. Wewe ulitufungulia hofu nyingine, nasi hatukujua tuiweke wapi.

Haikupita hata wiki, afisa elimu akaja nyumbani. Alikaa kwenye kochi, akakusifu mpaka ukainamisha uso. Kisha akasema ameona mwanga: kila shule, kila asubuhi, kwata kabla ya masomo, na wewe ndiye utakayewafunza walimu.

"Mimi siku ile nilitaka wageuke waishi," ulimwambia. "Wewe unataka wageuke kwa ajili ya nini?"

"Nidhamu, Mwalimu."

"Nidhamu ni neno zuri. Na lango?"

Alisema hilo ni la idara nyingine. Ulimwambia basi atakapofika kwenye idara hiyo arudi mzungumze kwata. Alitabasamu, lakini hakumaliza soda yake, na mlangoni alituangalia mmoja mmoja, kama anayekariri sura zetu. Alipoondoka ulinishika bega ukaniambia magoti yalikuwa yakigongana muda wote. Nilidhani unatania.

Ukaanza safari za ofisini. Ulikwenda, ukaambiwa mhusika ametoka. Ulikwenda tena, mhusika yupo kikaoni. Mdogo wangu, muuguzi, alikuona unapumzika katikati ya ngazi, mkono kifuani, akakuuliza. Ukasema ngazi za serikali ni ndefu. Hatimaye lango likang'olewa, likawekwa linalofunguka kwa nje, na ukuta wa upande wa pili ukatobolewa lango jingine. Mpango wa kwata haukufutwa. Umewekwa kabatini tu, na kabati lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe.

Mchana ule wa kutuacha, ulikuwa karakana kwa Baba, umekaa kwenye kiti alichokuwa hajakimaliza, unamweleza mahali alipokosea. Ukasita katikati ya neno. Nilikuwa mlangoni na chakula chenu. Jasho lilikuwa limekujaa usoni.

"Mwanangu, naogopa."

Hilo, la kujiogopea mwenyewe, hatukuwahi kulisikia kinywani mwako. Nikakwambia, usiogope, Mama.

"Usinikataze kuogopa. Nishike tu."

Nilikushika. Baba alikushika upande mwingine, mikono yake imejaa vumbi la mbao. Mjomba, mdogo wako, alikuja na gari lake la kubebea mizigo, akapiga honi njia nzima. Tulipofika hospitali ulikuwa bado una joto, na muuguzi aliyetupokea alikuwa mdogo wangu mwenyewe. Alikupima mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Jumamosi hii sikukuu ya michezo, iliyokuwa imesimamishwa, inarudi, ya kwanza tangu ile. Kiroboto ataimba na kuruka na wenzake. Nimemwambia anaweza kubaki nyumbani, hakuna atakayemcheka. Akasema, "Wewe ndiye unayeogopa, Mama." Ni kweli, na yeye pia anaogopa, maana ameanza tena kulala na taa.

Jumanne Baba alikwenda uwanjani peke yake. Alirudi akasema malango yote mawili yanafunguka, ameyasukuma kwa bega. Jana akaenda tena kuyasukuma. Leo asubuhi sikumkuta karakana.

Tunakukumbuka: mumeo, fundi seremala, mimi mshonaji na mdogo wangu muuguzi, wanao, mjukuu wako Kiroboto, mdogo wako, mjomba wetu wa gari la mizigo, wakwe zako na majirani, mwenye duka la kona, walimu wenzako, na wanafunzi wako waliotawanyika mashuleni.

Jumamosi tutakwenda, Mama, sote, na hofu zetu. Tumekubaliana tu jambo moja, kwamba mtoto akitunyooshea mikono safari hii, tutamshika. Na wewe hutatutoka moyoni hadi tutakapokufuata.