Kwa Dada Yetu Mkalimani, Ambaye Mikono Yake Tuliifunga

Mwaka umetimia leo, dada, tangu ile Ijumaa asubuhi ulipotutoka katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mwaka mzima, na nyumba bado inakungoja urudi kutoka kazini, uvue viatu mlangoni, uzamishe mikono kwenye beseni la maji ya moto kabla hujamsalimia mtu.

Ilikuwa inakuuma, mikono hiyo. Miaka kumi na mmoja ulikuwa mkalimani wa lugha ya alama pale chuo kikuu, katika ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mhadhiri akisema kwa mdomo, wewe ulisema kwa vidole, ili wanafunzi viziwi wapate somo sawa na wenzao. Kazi hiyo ni ya watu wawili, wanaopokezana kila dakika ishirini. Wewe ulikuwa peke yako, saa sita kwa siku, kwa wanafunzi wanne. Mwenzako uliahidiwa kila mwaka. Badala yake waliipiga picha mikono yako, wakaichapa kwenye bango kubwa: "Chuo cha Wote." Ulipoliona ulicheka, ukasema, "Angalau bango haliombi likizo."

Siku moja kabla ya kila muhula ulikwenda darasani ukakaa kiti cha nyuma, cha kati, cha mbele, uone jua la dirishani litampiga nani machoni asiweze kukuona. Neno la kitaalamu likikosa alama, ulikaa na wanafunzi mkaibuni, mkaipigia kura. Mmoja wao, kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akisomea upimaji wa ardhi, uliyemwita Ramani, alikuja nyumbani siku moja mkabishana jikoni, kwa vidole, juu ya neno "mwinuko" mpaka chai ikapoa.

Na sisi? Sisi tulifanya mzaha. Miaka kumi na mmoja hatukujifunza hata alama ya maji. Shangazi akikukuta ukifanya mazoezi kwenye kioo alisema, "Huyu anafukuza mbu wa nani?" Mdogo wako wa mwisho, uliyemwita Bingwa, ndiye aliyezidi. Yeye ni mtunga mashairi, alijifundisha mwenyewe vina na mizani, na alijiona ndiye mwenye lugha katika nyumba hii.

"Kaa nikufundishe kidogo," ulimwambia Jumapili moja. "Saa moja tu kwa wiki."

"Dada, mimi mdomo ninao. Vidole vya nini tena?"

"Mdomo unao, ndiyo. Kuufunga ndiko hujui."

Wote tukacheka, nawe ukacheka, na hukulirudia tena neno hilo.

Mapafu yalipokulemea, madaktari walikutia mrija wa kupumulia kooni. Sauti ikakatika, lakini akili ilikuwa nzima. Ukaanza kusema kwa mikono. Tulikuwa tumekizunguka kitanda, watu watano wa damu yako, tukaiona mikono inaruka. Hivyo ndivyo tulivyoona, dada. Inaruka tu.

"Anapapatika," nesi alisema, Jumanne ile. "Ataung'oa mrija. Itabidi tumfunge kidogo, na mtu wa familia aweke sahihi."

Mama alishindwa hata kuishika karatasi. Bingwa akaichukua kalamu. "Funga tu, sista. Ni kwa faida yake."

Wakakufunga kwa bandeji, mkono huu kwenye chuma hiki na mkono huu kwenye chuma kile. Ukamtazama yeye. Akakufuta machozi, akakwambia utulie, utapona. Alipotoka nje alijiona amefanya la kiume.

Nesi hatumlaumu. Alituuliza unafanya kazi gani, tukajibu, "Yuko chuoni," basi.

Jumatano Ramani alikuja kwenye geti la hospitali. Bingwa alimkuta pale alipokuwa akiingia na chupa ya uji wa mama.

"Huyu bubu ni wenu?" mlinzi alimuuliza. "Tangu saa nne ananichezea mikono hapa, simwelewi."

Bingwa alimtambua. Lakini alikuwa na hasira na chuo, chuo kilichokuchosha kiasi kile kisha kikatuma kadi yenye mhuri, na hasira yake ikamwangukia wa kwanza aliyemwona.

"Wa chuo huyo. Wameshamtumia vya kutosha, wamwache apumue."

Akapita. Ramani akabaki nje ameshika karatasi aliyoiandika, na hakuna aliyeisoma.

Alhamisi akarudi. Safari hii alikutana na shangazi, ambaye alimshika mkono na kumwambia mlinzi, "Huyu ni mwanangu." Hadi leo hajui kwa nini alisema hivyo. Ramani alipoziona bandeji alisimama. Kisha akatoa sauti, kijana ambaye hatukuwahi kumsikia, sauti nzito isiyo na neno, wodi nzima ikageuka. Nesi akaja mbio. Ramani akamwandikia kwenye daftari, kwa herufi kubwa: MMEMZIBA MDOMO.

Nesi alisoma mara mbili. Akakufungua mwenyewe.

Mikono ilikuwa imevimba, ukaanza polepole. Ramani akawa anaandika, nasi tukisoma juu ya bega lake.

"Anasema miguu ina baridi. Ameomba soksi tangu Jumanne."

Mama alivua sweta yake akakuzungushia miguuni.

"Anasema hataung'oa mrija. Hakuwa na nia hiyo."

"Anasema Bingwa asilie, sura yake haifai kwa kilio."

Kisha ukasema jambo ambalo Ramani hakuliandika. Alitikisa kichwa tu. Mama akamgusa bega na kumwonyesha daftari. Akaandika: "Ananiuliza kesho nina nani darasani."

Hakuwa na mtu. Tuliviona vidole vyake vikikujibu, upesi, na uso wako ukalegea, ukafumba macho. Tukamwonyesha kwa kidole ukurasa mtupu: umemjibu nini? Aliandika neno moja.

"Nimemdanganya."

Kesho yake, kabla ya saa tatu, uliondoka. Mikono yako ilikuwa wazi. Hilo tunalo, na halitoshi.

Nafasi yako haijajazwa. Bingwa amekwenda ofisini mara tatu, na mara tatu ameambiwa kwamba mchango wako unathaminiwa sana na mchakato unaendelea. Tunalisema hapa wasome wote: mchakato haumfasirii mtu mhadhara. Ramani alifeli masomo mawili muhula ule, akaacha chuo. Sasa anapaka rangi kuta za watu, na kila Jumamosi huja nyumbani kutufundisha. Ni mwalimu mkali. Anasema Bingwa huzungumza kama mtu aliyevaa glavu, na kweli. Bingwa hajatunga ubeti hata mmoja mwaka huu. Jioni hukaa na daftari lile akirudia alama zilezile.

Mama vidole vyake ni vigumu kwa baridi yabisi. Amejifunza sentensi moja tu, aliyoiomba mwenyewe, na huifanya mbele ya picha yako akidhani hatumwoni: "Rudia, mwanangu, sijaelewa."

Unakumbukwa na mama yako, kaka zako wawili, shangazi yako, mdogo wako Bingwa, aliyeweka sahihi, Ramani, ambaye sasa ni wa nyumba hii, na wanafunzi wako watatu, ambao wawili bado wamo darasani, wakitazama midomo.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, dada, wewe uliyesema nasi tukakufunga.