Marwa anadai deni lake, na mimi nina daftari

Jumatano, Nyansurura. Rasharasha tangu asubuhi, tope hadi magotini, na mimi nimenuna.

Shajara, unanijua. Kidato cha pili nilikiacha njiani, lakini Nairobi nimekaa, jiko la lodge kule Ikoma nimelisimamia, na watu nawachekesha kwa Kikurya, Kijaluo na Kiswahili cha mpakani Sirari. Ndiyo maana watafiti wa dawa za kulevya walinichukua mimi, wakawaacha wenye vyeti. Kazi ni kukaa na watu, kupiga stori, kusikia vijana wanatumia kitu gani kipya. Majina hatuandiki. Tumeapa.

Sasa nikiri. Niliingia ili nimpate aliyemfundisha mdogo wangu Marwa kutia vidonge vya usingizi kwenye gongo. Marwa huyu aliyekuwa anaangusha dume la ng'ombe kwa pembe! Siku hizi namlisha uji kwa kijiko, na jina langu halijui.

Leo nimempata.

Mama Robi, mpika gongo, alinisogezea kigoda. "Wewe Chacha, mdomo wako hauna mlango. Nikikuambia, utakaa nayo?" Nikamwapia. Akanong'ona: "Ni Mwita. Aliniambia nikimtaja ataniunguzia nyumba."

Mwita! Tulitahiriwa asubuhi moja, damu zetu zikadondoka uwanja mmoja. Kwetu, uliyetahiriwa naye humwinulii mkono. Narudi, nikakutana naye njiani, akanikumbatia. "Mura, kijana wa Nairobi! Marwa anaendeleaje?"

Anauliza anaendeleaje!

Rungu nilikuwa nalo. Mila ningeivunja, wallahi, na ng'ombe wa faini ningetoa huku nacheka. Kilichonizuia ni nyumba ya Mama Robi. Mwita angejua mara moja nani kasema.

Kiongozi wetu wa utafiti hutufundisha kwamba neno la mtu mmoja ni fununu tu. Likisemwa na wengi wasiojuana, ndipo linaandikwa. Vizuri sana. Kesho naanza: wapika pombe, bodaboda, wachunga ng'ombe, hadi Machochwe. Nitauliza mpaka sauti ya yule mama isitofautike na ya kijiji kizima.

Halafu matokeo yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji, kama kawaida yetu. Jina halitatajwa. Itasomwa tu kwamba vidonge huletwa na mtu wa hapahapa.

Mimi nitakuwa nimeketi benchi moja na Mwita, bega kwa bega, natabasamu, nikitazama shingo zinavyogeuka kumwelekea yeye, moja baada ya nyingine.