Godoro Gumu la Temeke

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo na sitaanza leo.

Unaikumbuka siku uliyorudi nyumbani Utete na pembe mbili ulizowanyang'anya majangili? Kaptula yako ya kaki ilikuwa imechanika nyuma, na bado ulitembea kama Bwana Nyama mwenyewe, yule Mwingereza mkuu wenu ninyi askari wa wanyamapori. Ulituketisha jikoni, mimi na mdogo wangu Shabani. Pembe ya ng'ombe, ukasema, ina uwazi ndani, unaweza kuipuliza. Ya kifaru imejaa hadi chini, na kiganja kinausikia uzito. Ukakwangua kidogo, ukatia kwenye kaa la moto. Mama akatokea na mwiko: "Nani anachoma nywele jikoni kwangu?" Tulicheka mpaka Shabani akapaliwa. Wewe hukucheka sana. Ulisema, "Kwa kila moja ya hizi, mnyama mzima ameachwa porini anaoza."

Ulitufundisha pia kushona mkoba kwa mshono wako, ule unaorudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, ili uzi usifumuke. Shabani aliushika. Kwangu ulikata tamaa, ukasema mishono yangu mirefu kama miguu ya korongo.

Miaka michache baadaye majangili walikupiga mshale wa sumu, Shabani akavaa sare yako. Mimi nikaolewa huku Temeke na fundi wa magodoro.

Baba Zuhura si mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu nakujua, ungeshaanza kutafuta bakora. Ananiheshimu, na wanangu hawajawahi kulala njaa. Yeye hukata kitambaa na kushona foronya ya godoro, mimi hujaza sufi na kuziba mdomo. Mwezi uliopita nilikuwa nasukuma sufi kwenye kona, mkono ukagonga kitu. Nikakitoa. Kilikuwa kizito kwenye kiganja, na chini hakikuwa na uwazi. Sikuhitaji kaa la moto.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema ni mali ya watu, inapita tu, wenyewe huichukua pamoja na godoro. Nikamwambia watu hao ndio waliomuua baba yangu. Akasema polepole, "Mama Zuhura, nenda kwa Bwana Nyama ukitaka. Mie watanifunga. Lakini wa kwanza kuvuliwa sare ni mdogo wako. Nani ataamini pembe zinalala kwa dada yake na yeye hajui?"

Nikisema, namwangamiza Shabani. Nikinyamaza, wale wanaoleta pembe watakutana naye porini kama walivyokutana na wewe. Basi nikairudisha ndani, nikashika sindano, nikashona. Ni mikono hii hii, Baba. Nakuonea aibu.

Ijumaa iliyopita Shabani akaja likizo bila taarifa. Baba Zuhura alikuwa Kariakoo. Tukala wali kwa samaki, akaniambia nimenenepa, nikamwambia masharubu yake ni ya beberu. Baada ya kula akataka kujinyoosha. Palikuwa na magodoro manne barazani. Alivuta lile lenye pembe, ambalo wenyewe walikuwa hawajalifuata.

Nilisimama na sahani mkononi. Akageukia upande huu, akageukia upande ule. Akapapasa chini ya mbavu zake, na mkono ukatulia hapo. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, maana sikuweza kumtazama. Niliwapisha wenzangu wote kwenye foleni, hata waliofika baada yangu.

Niliporudi alikuwa ameshavaa viatu, na godoro liko mahali pake. Akawaaga watoto. Mlangoni akasema, "Dada, godoro lile gumu. Usije ukawalaza watoto." Hakuniangalia usoni. Nikamjibu, "Haya, mdogo wangu. Nenda salama."

Alipokata kona nilikwenda kulikagua. Mdomo wa godoro ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya. Mishono ilikuwa mifupi, na kila mmoja ulirudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Nikabonyeza. Pembe ilikuwa bado mle ndani.

Siku tatu sijala nikashiba. Shabani, aliyekuwa akikimbia kwako kukiri hata akiwa amelamba sukari tu, ameiona pembe ya kifaru akaifunika kwa ajili yangu. Sasa anarudi porini kuwafuatia watu ambao anajua njia yao inaishia mlangoni kwangu, na hawezi kumwambia mtu. Siwezi kumwandikia, barua zao zinapitia ofisini. Siwezi kumlilia mume wangu. Nimebaki na wewe tu, usiyeweza kunijibu.

Leo asubuhi wenye godoro walikuja. Baba Zuhura mgongo unamuuma, akaniomba niwasaidie. Nilishika kona moja tukalibeba mpaka nje. Kona niliyoishika ndiyo aliyoishona Shabani. Niliivuta kwa nguvu zangu zote, Baba, nikiomba ifumuke mbele ya mtaa mzima, kila mtu aone, yaishe.

Haikufumuka. Ulimfundisha vizuri mno.

Pumzika, Baba, kama huko kuna anayepumzika akiwa na mtoto kama mimi.

Binti yako, dada yake Shabani