Simu Alipokea Baba Watoto

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimeshinda na bado naogopa.

Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya siasa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma jarida la taaluma yetu tangu toleo la kwanza, nikiyatandaza matoleo sebuleni hadi mama mkwe akauliza kama tunahama, nikitaka kujua wenzangu wamekuwa wakichunguza nini na kwa njia gani, na nikaona wa zamani walikaa kwenye mikutano ya vyama wakazungumza na watu ana kwa ana, kisha ukaja wakati wa uchaguzi na madodoso, na siku hizi karibu kila mtafiti anapiga simu, na tangu simu zianze kila makala inasema mke hupiga kura kama mumewe, basi mada ya wanawake na siasa ikafa kimyakimya, maana nani atachunguza jambo lililokwisha kujibiwa?

Nikasema hapana, hapa pana jambo. Nikaenda na mwenzangu kwenye nyumba ambazo idara yetu ilizipigia, tukawauliza kina mama peke yao, na majibu yakawa mengine kabisa. Mmoja akacheka, akasema, "Ile simu alipokea baba watoto. Walipouliza mke yupo, akawaambia yupo, we uliza tu, nitamjibia." Na msaidizi wa utafiti akaandika: mwanamke. Mshauri, nilirudi nyumbani nikiimba, na sasa nimepewa mhadhara wa ufunguzi wa kongamano letu la mwaka.

Tatizo ni kwamba aliyeleta njia ya simu ni profesa wangu, tunamwita Mzee Dodoso, aliyenifundisha kazi hii na kusimama mahali pa marehemu baba siku ya harusi yangu, na ndiye mwenyekiti wa kikao. Mwenzangu ananiambia nisitukane wakunga na uzazi ungalipo, niondoe sehemu ya simu, nibakize mienendo ya mada tu. Nikiondoa, nabaki na nini? Nisipoondoa, nitamtazamaje?

Mshindi Mwenye Hofu

Mshindi, kwanza pokea vigelegele vyangu, maana barua yako nimeimalizia nikiwa nimesimama. Pili, acha kudeka.

Unauliza utabaki na nini, na jibu unalo. Utabaki na orodha ya mada, na ukumbi utasinzia. Mada ile haikufa yenyewe, iliuawa na njia, na hilo ndilo ulilogundua. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe uchungu umekwisha kukushika.

Mwenzako ametumia methali nzuri mahali pabaya. Kumtukana mkunga ni kumwacha Mzee Dodoso asikie habari hii mara ya kwanza akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti, mbele ya wanafunzi wake. Kwa hiyo wiki hii nenda kwake. Usipige simu, sababu unaijua. Mpe majibu ya kina mama, kisha nyamaza umwache asome. Akikasirika, mwache akasirike, na kesho yake nenda ukamjulie hali kama binti yake. Lakini sehemu ile haitoki. Hakusimama mahali pa baba yako ili umfiche ukweli. Na jukwaani usimbebeshe mzigo peke yake, maana njia aliileta yeye, ila mliomfuata bila kuuliza ni ninyi nyote, nawe umo.

Sasa nikwambie kwa nini nilisimama. Mwaka jana watafiti walipiga simu nyumbani kwangu. Mume wangu akapokea, akajibu maswali yake, kisha akajibu na yangu, nami niko meza ileile nikimwandikia msomaji kwamba asikubali kusemewa. Aliwaambia nakipenda chama chake. Tangu nianze kupiga kura sijakichagua hata mara moja.

Panda jukwaani. Ukimhitaji mwanamke wa kuuliza, njoo kwangu ugonge mlango. Nitafungua mwenyewe.